Ukoo wa Mbao wa Mzee Mbarushimana

Ukiingia nyumbani kwa Mbarushimana, kule Rubavu, Rwanda, kwenye mteremko unaoangalia Goma ya Kongo, utajikuta umeusalimia mti. Si kwamba macho yako mabovu. Ni kwamba mlangoni kabisa, kabla hujafika kwenye kochi, amesimama mama wa mbao mwenye mtungi kichwani, kimo cha mtoto wa shule, na mkono wake mmoja ameunyoosha mbele kama anadai salamu. Wengi wameupokea mkono ule. Fundi aliyekuja kutazama mita ya umeme alimwamkia mara mbili, asijibiwe, akaondoka akinung'unika kwamba watu wa nyumba hii wana madharau.

Mbarushimana alipohadithiwa alicheka mpaka akashika mbavu. Kwake hiyo haikuwa aibu, ilikuwa sifa.

Mtu huyu alikuwa mtunza stoo wa ofisi ya serikali mpaka alipostaafu. Maisha yake yote ya kazi alilinda fagio, karatasi na makopo ya rangi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita mzee mkubwa. Siku moja walimtuma apeleke viti kwa bwana mmoja mwenye nyumba ya ghorofa karibu na ziwa. Akaona saloni pale kichwa cha mtu, cha mbao, kimewekwa juu ya meza yake chenyewe na kimewashiwa taa yake chenyewe, mchana kweupe. Alirudi nyumbani hawezi kula.

"Cansilde," alimwambia mkewe, "mutu mukubwa hajulikane kwa gari. Anajulikana kwa sanamu."

"Bon," akajibu Cansilde, aliyekuwa anachambua maharage. "Na mutu mudogo anajulikana kwa nini? Kwa kuangalia saloni za watu?"

Lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Pale mpakani, Petite Barrière, wanawake wanavuka kila asubuhi na nyanya, kabeji na mayai kwenda Goma, na jioni wanarudi na vikapu vitupu. Mbarushimana akaanza kuwaagiza. Sanamu zinachongwa kule ng'ambo, na njia rahisi ya kuleta sanamu bila kuivunja pua ni kuifunga kwa kitenge na kuibeba mgongoni. Basi askari wa mpaka wakazoea kuona watoto wenye ndevu wamelala migongoni mwa wauza nyanya, vichwa vimechungulia.

Akaja mpiga ngoma. Akaja mama anayenyonyesha. Wakaja wazee wawili wanaonong'onezana, na wa kwanza kati ya wote, yule mama wa mtungi. Wanyama hakuwataka. "Tembo na twiga ni mambo ya watalii," alisema. "Mimi nachukua watu." Mama anayenyonyesha alikuwa kifua wazi, na Cansilde, ambaye ni mtu wa kwaya, akamshonea blauzi. Halafu akaona haya kwa wengine, akawashonea nao. Mpiga ngoma alipata kaptula iliyokatwa kwenye pazia la zamani. Kila Jumamosi mwenye nyumba aliwavua, akawapaka rangi nyeusi ya viatu, akawasugua kwa brashi ileile ya viatu vyake vya kanisani, akawavisha tena. Nyumba nzima ilinuka kama duka la fundi viatu.

Mpaka hapo hakuna aliyedhurika. Nani hana kitu nyumbani kwake cha kumfurahisha macho? Kosa la Mbarushimana lilianza siku mgeni alipouliza juu ya yule mama wa mtungi: "Huyu ni nani?"

Alikuwa na nafasi ya kusema ni mti. Akasema, "Ni shangazi yangu."

Uongo ule ulitoka laini, wala haukumkwaruza koo. Unajua, hawa waliotoka Kongo miaka ile ya vurugu, kama yeye, walitoka na godoro, sufuria na mtoto mkononi. Picha za wazee zilibaki ukutani, na ukuta wenyewe ukabaki na wengine. Majirani wa Mbarushimana wana picha za babu zao, wamevaa makoti na saa za mnyororo. Yeye hakuwa na kitu. Shangazi alipokubaliwa bila maswali, mpiga ngoma akawa baba mdogo, aliyepiga ngoma mbele ya wakubwa. Wale wazee wawili wakawa wajomba, wanapanga mambo ya mashamba. Hivyo ndivyo ukoo mzima ulivyoingia Rwanda kupitia Petite Barrière, mmoja mmoja, mgongoni, bila kitambulisho.

Mkubwa wao alikuja mwisho. Ni mzee aliyeketi kwenye kigoda, ndevu mpaka kifuani, kiko mdomoni, macho nusu yamefumbwa kama mtu anayesikiliza kesi ya watu wajinga. Mzee wa namna hiyo wanamchonga sana kule Goma. Kila hoteli yenye ngazi anaye. Mbarushimana akamvisha kofia yake mwenyewe, akamwegemezea fimbo, akamweka katikati ya saloni chini ya taa. Akamwita Sogokuru Sebatunzi, babu yake mzaa baba, mkuu wa kilima kizima huko Masisi, Kongo. Alikuwa na ng'ombe, akisema yeye, ambao wakianza kupita langoni alfajiri mpaka mchana wa jua kali mkia wa mwisho haujaonekana. Padri mmoja mzungu ndiye aliyepiga magoti akimbembeleza akubali kuchongwa.

"Sebatunzi alikuwa anabeba maziwa ya watu," Cansilde alimkumbusha jikoni. "Mama yako aliniambia na kinywa yake. Anashuka na bidoni kichwani mpaka barabarani, anarudi."

"Alikuwa kiongozi wa wenye kubeba maziwa."

"Yewe! Aliongoza bidoni gani?"

Mbarushimana akaanza kuipangusa kofia ya babu.

Sasa, nyumba hiyo ilikuwa na binti mmoja, Umuhoza, mwalimu kule Kanama, msichana mwenye akili na subira, maana kukulia kati ya wajomba wa namna ile kunahitaji subira. Alipata mchumba, Bruce, kijana mwenye adabu. Baba yake Bruce, askari, alishafariki. Mama yake, Jovia, alizaliwa Uganda, akarudi na duka la mabati na misumari, na aliokoka. Si kuokoka kwa mdomo. Jovia aliokoka mpaka kwenye viatu. Alimwambia mwanawe kwamba msichana amempenda, ila hatatoa neno mpaka aione nyumba alikotoka.

Basi ikapangwa siku ya kushika irembo, yaani wakwe waje kwanza wachache, wabishe mlangoni kwa heshima, wajulikane, kabla ya siku kubwa ya kuomba mchumba mbele ya watu. Umuhoza hakulala vizuri wiki hiyo. Alimfuata baba yake saloni.

"Papa, mama Bruce ni mulokole kabisa. Tafazali, tuwapeleke hawa kwenye chumba cha nyuma. Siku moja tu."

"Nifiche wazee wangu?" Mbarushimana alishtuka kweli, kama aliyeambiwa awafungie watu hai. "Wakwe wanakuja kujua we ni mutoto wa nani. Watajulia wapi? Kwenye kochi?"

Cansilde alijaribu kwa upande wake, akashindwa. Alichofanya ni kuwafulia nguo zao na kuzipiga pasi. Kama ni lazima wakae, wakae wasafi.

Wageni walifika mchana. Jovia alivaa mushanana, vazi la heshima la kufunga begani, la rangi ya maziwa, mkoba umebanwa kwapani. Bruce alikuja nyuma yake akitazama vidole vya viatu. Msemaji wao alikuwa Harerimana, shemeji yake Jovia kwa upande wa marehemu mumewe, mzee mwembamba aliyekulia Karagwe, Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka na ulimi usiolala. Mlangoni Harerimana aliupokea mkono wa mama wa mtungi, akatikisa, akausikia mgumu. Hakutahayari hata kidogo.

"Shikamoo mama," alimwambia. "Mikono yako inaonyesha umefanya kazi nyingi."

Mbarushimana alifurahi, akaona amepata mtu. Akamwongoza kutoka sanamu hadi sanamu: huyu shangazi, huyu baba mdogo, hawa wajomba. Jovia aliketi ukingoni mwa kochi akitazama kaptula ya mpiga ngoma. Cansilde alileta Fanta kwa waliookoka, na urwagwa, ile pombe ya ndizi, kwa Harerimana ambaye hakuwa ameokoka wala hakuwa na haraka. Kama desturi ilivyo, mwenye nyumba alionja kwanza mbele ya watu, ionekane haina sumu, ndipo akamimina.

Harerimana akaiinua glasi yake, akaishusha. Akageukia katikati ya saloni, kwa yule mzee wa kiko.

"Samahani, bwana mkwe," alisema, uso mkavu. "Mimi nilifundishwa kwamba penye mkubwa, mdogo hatangulii kunywa. Mbona babu hajapewa?"

Ulikuwa mzaha. Cansilde alijua ni mzaha, Bruce alijua, hata inzi waliokuwa juu ya meza nadhani walijua. Lakini Mbarushimana alikuwa amekaa miaka mingi akingoja mtu amwamini kiasi hicho. Kifua kilimjaa. Alisimama, akachukua glasi nzuri kabatini, ile ya Krismasi, akamimina urwagwa mpaka juu, akaiweka kwa mikono miwili mbele ya magoti ya mti, akavua kofia nyingine aliyokuwa ameivaa mwenyewe.

"Kunywa, Sogokuru," alisema kwa sauti nzito. "Wakwe wako wamekuja. Ubariki mutoto."

Hata Harerimana aliujutia mzaha wake.

Jovia alisimama. "Banange! Nyinyi munaterekera!"

Kuterekera ni kuwapa wazee waliokufa kinywaji na kuwaomba baraka, na mlokole anakuogopa kuliko nyoka kitandani. Jovia alikuwa ameshika mkoba wake kama ngao.

"Bruce, twende. Nilikuwa najiuliza: kwa nini wanavalisha miti nguo? Kwa nini wanainyooshea pasi? Sasa nimeona na macho yangu. Babu yao iko hapa anakunywa! Kijana yangu hawezi kuoa kwa nyumba ya mizimu."

"Mama, ngoja kidogo," Bruce alisema.

"Ningoje nini? Wampe na nyama?"

Umuhoza alikuwa amesimama mlango wa ndani na sinia ya karanga mikononi. Mbarushimana alimwona, akatafuta njia ya kutokea, akapata ya kijinga.

"Hapana, Mama Bruce, hapana. Ni heshima tu. Ni... ni culture."

"Culture gani inakunywa pombe?"

"Papa Umuhoza," Cansilde alimwambia polepole, kwa sauti ambayo mume yeyote anaijua. "Sema ukweli. Sema sasa."

Ukweli ulikuwa mfupi tu. Lakini fikiria kilichokuwa ndani yake. Kusema huyu si babu ni kuwaondoa ng'ombe wote langoni, ni kumwinua padri mzungu kutoka magotini, ni kubaki mtunza stoo, mjukuu wa mbeba maziwa, mbele ya mwanamke mwenye duka la mabati. Mbarushimana akamtazama mzee wa kiko kama anayemwomba ruhusa.

"Papa," alisema Umuhoza. "Ni mi ao ni huu muti?"

Na baba mtu, Mungu amsamehe, akafikiri. Hakuruka. Alisimama pale akipima, kofia mkononi, na kila aliyekuwa saloni aliona anavyopima. Jovia alishafika mlangoni, karibu na mkono wa shangazi, ndipo ikatoka:

"Si babu yangu."

"Sema kwa nguvu," Cansilde akamwambia.

"Si babu! Nilimutoa Petite Barrière. Aliletwa na mama mwenye kuuza nyanya, alikuwa juu ya mugongo yake. Mi sijui ni nani. Sebatunzi alikuwa anabeba maziwa ya watu, sura yake mi hata siikumbuki."

Jovia hakuketi. Yule mama si wa kudanganywa kirahisi. Kuuza misumari kumemfundisha. "Mtu anaweza kukana babu yake juu ya harusi," alisema. "Kesho tukiondoka utamuomba msamaha, utamupa chupa nzima. Kama ni mti, mti unapasuliwa. Mupasue."

Harerimana akajikohoza. "Shemeji, tusifike huko."

"Apasue."

Walitoka wote hadi nyuma ya nyumba, kwenye jiko la nje, ambako chungu cha maharage ya wageni kilikuwa kinatokota juu ya mafiga. Mbarushimana alimbeba babu kifuani. Kofia ya babu ilianguka njiani, hakuna aliyeiokota. Alimlaza juu ya gogo la kupasulia kuni, akashika shoka, akafumba macho, akapiga pembeni. Akapiga tena. Mara ya tatu mzee alipasuka kuanzia ndevuni hadi kwenye kigoda, na ndani alikuwa mweupe kama muhogo. Weusi wote wa ukoo ule ulikuwa rangi ya viatu.

"Kumbe babu alikuwa mzungu ndani," alisema Harerimana. "Sasa nimeelewa ule urafiki na padri."

Bruce aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Jovia alisogea, akainama, akagusa mpasuko kwa kucha, akanusa kidole. "Kiwi," alisema. Akaisukuma nusu moja kwa ncha ya kiatu mpaka chini ya chungu. Iliwaka kwa moshi mzito, rangi ile ya viatu ikichuruzika na kunuka mpaka kwa jirani, lakini maharage yaliiva.

Usidhani yaliishia hapo. Walipoketi tena saloni, Jovia alinyoosha kidole kwa mpiga ngoma. "Na huyu?"

"Si baba mudogo," alisema Mbarushimana.

"Na hawa wawili?"

"Hawana undugu na mimi. Nazani hata wao kwa wao hawajuani."

"Na mama wa pale mlangoni?"

Hapo aligeuka akamtazama, maana huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza. "Sina shangazi," alisema.

Kwa muda wa kula sahani moja ya maharage alikuwa amewazika wote. Jovia akafungua Fanta yake, akasema Yesu asifiwe, akamwita Umuhoza akae karibu naye. Irembo lilikuwa limeshikwa. Walipoondoka, Harerimana aliushika tena mkono wa mama wa mtungi, akamwambia, "Pole mama, tumesikia huna mtu."

Habari haikulala. Siku chache baadaye wauza nyanya walikuwa wanaihadithia huku na ng'ambo ya mpaka, na mgeni akija akauliza yule mzee wa kiko yuko wapi, Cansilde alimjibu bila kuinua macho: "Tulimupikia maharage." Sanamu nyingine zilibaki, maana Jovia aliona hazina neno tena zikishavuliwa nguo na kukosa majina. Ila Mbarushimana hakuzipaka tena rangi. Alikaa nazo tu, kila mmoja akimtazama mwenzake kama watu waliokwisha kutukanana.

Wala si babu aliyemwuma. Kilichomwuma alikileta Umuhoza, siku moja wakimenya viazi. Hakukasirika, alisema kama anayeuliza habari za mvua.

"Niliona ulifikiri, Papa."

"Nini?"

"Siku ile. Nilikuuliza ni mi ao ni muti. Ulifikiri."

Alitaka kusema hapana. Lakini uongo, ambao zamani ulimtoka laini, siku hiyo ulikataa. Akaendelea kumenya, akakimenya kiazi mpaka kikabaki kama punje.

Ikafika siku ya kuomba mchumba. Hema lilijaa, watu wa kulia na watu wa kushoto wakitazamana. Kila mtu wa huku anajua siku hiyo inavyokwenda: wakwe wanaomba kwa maneno matamu, na msemaji wa upande wa binti anawasumbua. Anasema msichana hayupo, anasema ameshachukuliwa, anasema ng'ombe wenu tumesikia anachechemea. Kusumbua ndiyo heshima. Binti anayetolewa haraka ni kama bidhaa iliyochacha. Msemaji wa Mbarushimana alikuwa Onésphore, jirani aliyeitayarisha mizaha yake kwa mwezi mzima, akiijaribu kwa mkewe usiku.

Harerimana akasimama, akaisafisha sauti. "Wazee wangu," alianza, "tumetoka mbali, tumeona ua katika boma hili, na tumekuja kuuliza kama wenye boma wangeweza, kwa ukarimu wao—"

"Ndiyo!" alipaza Mbarushimana kutoka kiti chake.

Watu wote wakageuka. Onésphore, aliyekuwa bado anaikunja karatasi yake, alimvuta koti. "Mzee, kaa! Bado hata hawajataja jina!"

"Umuhoza!" alisema Mbarushimana, amesimama wima, jasho linamtiririka. "Jina ni Umuhoza. Tumemutoa. Nimekubali. Sikufikiri hata kidogo, watu wote munaona, sikufikiri!"

Hema lililipuka kwa vicheko. Wazee wa upande wake walishika vichwa kwa aibu, na mmoja akasema kwa sauti kwamba hajawahi kuona msichana akitolewa kabla ya kuombwa. Onésphore aliichana karatasi. Harerimana alibaki na maneno yake mazuri mkononi, hana pa kuyaweka.

Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia ambako bibi harusi anafichwa mpaka aitwe, Umuhoza alikuwa anafungwa mushanana na wenzake. Alisikia sauti ya baba yake, akasikia na vicheko. Wenzake wanasema aliziba uso kwa viganja viwili, na mpaka leo wanabishana kama alikuwa anacheka au analia, maana mabega yalikuwa yanakwenda vilevile.